Mtoto Mzima

Harufu ya mvuje haifichiki. Ukiufunga kwenye kitambaa cheusi ukamvika mtoto shingoni, benchi zima litajua kabla mama hajaketi. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi moja nilipompeleka mpwa wangu chanjo ya surua, kwenye kituo cha afya kimoja cha huku kwetu Pwani. Pembeni yangu aliketi mama kijana, mtoto wake wa miezi minane au tisa kamlaza begani, anakohoa kikohozi cha kuchoka. Mkononi uzi mweusi, shingoni mvuje, na utosini doa la majani yaliyopondwa, yamekauka yakaacha ukoko wa kijani.

Mama aliyetangulia alikuwa ametoka kusemwa. Mlango ulikuwa wazi na sote tulimsikia nesi: "Nyie wamama mkoje? Mnaanza kwa waganga, wakishindwa ndiyo mnatukumbuka sisi." Yule mama alitoka kainamisha kichwa, kadi ya kliniki kaikunja ndani ya kanga. Basi zamu ya jirani yangu ilipokaribia, akavua ule mvuje harakaharaka, akaufutika kwenye mkoba, akalowesha ncha ya kanga kwa mate na kumfuta mtoto utosini. Alipoingia nikasikia akiulizwa, "Umeshampa dawa gani nyumbani?" Akajibu, "Sijampa kitu, dada."

Ni miaka sasa, na jibu lile bado linanikaa moyoni. Simlaumu mama. Aliona mwenzake alivyofanywa kwa kusema kweli, naye akachagua kunusuru uso wake. Lakini mtoto ndiye aliyelipia. Aliyempima hakujua amenyweshwa nini, lini, wala kiasi gani. Dawa za kunywa za majani na mizizi hazina kipimo, na nyingine huumiza ini na figo za mtoto mdogo. Mtoto aliyeshindia dawa bila ziwa anaweza kuwa ameishiwa sukari mwilini, na hilo peke yake linaua. Vyote hivyo vingejulikana kwa swali moja lililoulizwa kwa upole.

Lugha yetu ililisema zamani jambo ninalotaka kulieleza. Tukikutana tunaulizana, "U mzima?" Neno hilohilo tunalitumia kwa chungu kisicho na ufa, kwa mkate usiokatwa, na kwa mtu aliyetoka hai kwenye ajali. Afya, ukamilifu na uhai vimo katika neno moja. Kumtibu mtoto akawa mzima, kwa maana hiyo ya Kiswahili, ni kumtibu pamoja na mama yake, chakula chake, usingizi wake, hofu zake na nyumba aliyotoka. Siku hizi wako wanaoitangaza tiba ya namna hiyo kama bidhaa: kopo la unga wa majani, chupa ya mafuta, ahadi ya "kuongeza kinga". Hao siwazungumzii, na ningewaomba wazazi wasiwape fedha zao. Nazungumzia kitu kilichokuwapo kabla ya makopo hayo. Wazee wetu walikijua. Hospitali nazo zinakijua, kimeandikwa katika miongozo yao. Kinachokosekana ni pande hizi mbili kuambiana ukweli mbele ya mtoto.

Chukua degedege. Hakuna mzazi wa mwambao huu asiyelijua jina hilo. Mtoto anashikwa na homa, mara macho yanageuka, mwili unakakamaa, mikono inapapatika kama mbawa. Wengi waliamini ni ndege au shetani aliyempitia mtoto juu usiku. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliwakuta akina mama wanaoijua malaria vizuri na kuitibu kwa vidonge, lakini degedege kwao ilikuwa kitu kingine kabisa, ugonjwa usio wa hospitali. Mtoto alikojolewa, au alifukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, kisha akapelekwa kwa mganga. Na juu ya yote palikuwa na onyo lililosikika karibu kila nyumba: mtoto wa degedege asichomwe sindano, atakufa.

Onyo hilo lina asili yake, na anayelicheka hajalielewa. Mtoto aliyekwisha kupitishwa siku mbili kwa tiba za nyumbani alifika hospitali akiwa hajitambui. Akachomwa sindano. Akafa. Bibi aliyekuwa amemshika miguu aliona kitu cha mwisho alichofanyiwa mjukuu wake, akakisimulia kijiji kizima, na ushahidi wake ulikuwa wa macho. Hakuna bango la wizara linaloweza kumshinda bibi huyo kwa kumwita mjinga. Anaweza kushindwa na jambo moja tu: mtoto wa jirani aliyewahi mapema, akachomwa sindano, na leo anacheza uani.

Na sindano hiyo ipo. Utafiti uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba atesunati ya sindano hupunguza vifo vya watoto wenye malaria kali kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Si kila degedege ni malaria ya kichwa. Nyingi ni za homa tu, hukoma zenyewe baada ya dakika chache. Nyingine ni homa ya uti wa mgongo, nyingine ni upungufu wa sukari. Kwa macho, mama hawezi kuzitofautisha, mganga hawezi, na mimi siwezi. Mlaze mtoto kwa ubavu, mvue nguo nzito, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpake mafuta ya taa, na anza safari.

Lakini nataka tukae kidogo na walichofanya wale wazee, kabla hatujakifunga kwenye furushi la ushirikina. Degedege ilipoingia, nyumba nzima iliamka. Shangazi aliitwa. Baba alitafutwa alikokuwa. Mama hakuachwa peke yake na mtoto anayetetemeka. Palikuwa na mtu wa kumshika yeye. Mganga aliuliza maswali ambayo hakuna fomu ya hospitali inayoyauliza: mna ugomvi na nani, mama unalala, mtoto aliyetangulia alikufaje. Dawa yake haikuua vimelea vya malaria hata kimoja. Utaratibu wake wa kuikusanya familia, hata hivyo, ulikuwa tiba ya kitu halisi, nayo ni hofu. Mama aliyetulizwa hofu husikiliza maelekezo, hukumbuka vipimo, hunyonyesha. Mama aliyegombezwa husikia nusu.

Sasa upande wa pili, na hapa sitakuwa mpole.

Kukata kimeo kukome. Mtoto akikohoa wiki mbili tatu, utasikia mtu akisema kimeo kimekuwa kirefu, kinagusa ulimi, apelekwe akakatwe. Mkata vimeo anakuja na kifaa chake ambacho jana kilikuwa kooni mwa mtoto mwingine. Watoto wamevuja damu mpaka wakaishiwa, wamepata pepopunda, wamefungwa koo kwa uvimbe. Na kikohozi kimebaki palepale, maana kilikuwa nimonia, au kifua kikuu, au pumu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokaa kwenye kimeo. Tena nimonia kuitambua ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika moja kamili. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akifikisha pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida. Ukiona nyama ya chini ya mbavu inavutwa ndani kila anapovuta pumzi, usingoje kuche. Mhudumu wa afya wa kijijini anaweza kufundishwa kuhesabu hivyo, na bibi pia anaweza.

Meno ya plastiki nayo, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni. Mtoto mchanga anaharisha na kuchemka, anafunuliwa fizi, vinaonekana vijivimbe vyeupe. Hayo ni meno yake halali, chonge ambazo bado hazijachomoza. Zinachokonolewa kwa msumari au kwa spoku ya baiskeli, na mtoto aliyekuwa anakufa kwa kukaukiwa maji sasa anavuja damu na hawezi kunyonya. Alichohitaji ni maziwa ya mama, maji ya chumvichumvi ya pakiti, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Anayefanya unyama huu halindwi na neno asili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza ili waganga wasajiliwe na wajulikane, na waganga waaminifu ndio wangekuwa wa kwanza kuwataja wanaochokonoa fizi za watoto.

Kubemenda ni jambo gumu zaidi. Mtoto akidhoofu, nywele zikabadilika rangi, miguu ikawa myembamba, jirani ananong'ona: wamembemenda. Maana yake wazazi wamekutana kabla ya wakati, au mmoja wao ametoka nje, na uchafu huo umemfikia mtoto kupitia maziwa. Wengi wa wasomaji wangu walikua wakisikia hilo, na huenda walilisema wenyewe.

Nimelitafakari sana. Ndani yake mna busara ambayo wataalamu wa uzazi wangeipigia makofi. Mwiko ule ulimpa mama nafasi ya kunyonyesha mwaka na zaidi bila mimba nyingine kumnyang'anya mtoto ziwa. Leo Shirika la Afya Duniani linashauri mama apumzike angalau miezi 24 tangu ajifungue kabla ya kushika mimba tena, na mtoto anyonye hadi miaka miwili au zaidi. Bibi zetu walifika hapo bila shahada. Waliona kwamba mtoto wa kwanza hudhoofu wa pili anapoingia tumboni, wakaweka ulinzi kwa njia waliyoijua, yaani kwa aibu.

Aibu ndiyo iliyoharibu. Mama anayejua mtoto wake ataitwa aliyebemendwa hamtoi nje. Siku ya kliniki anamfunika gubigubi au hafiki kabisa, kwa sababu kwenye mzani wote wataona. Wengine humkatiza ziwa ghafla wakidhani maziwa ndiyo yenye sumu, na huo ndio mwanzo wa utapiamlo mkali. Mume, ambaye mara nyingi ndiye mwenye fedha ya mboga na samaki, anabaki nje ya kesi au anageuka hakimu. Nimewahi kumsikia mama mkwe akimwambia mkwewe mbele ya wageni, "Mjukuu wangu mmemla wenyewe." Binti yule hakwenda kliniki miezi mitatu.

Kwa hiyo tunafanyaje? Jibu zuri kuliko yote ninayoyafahamu halikutoka Ulaya. Lilitoka Iringa.

Mwaka 1983 serikali, ikisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Italia, ilianzisha mpango wa lishe mkoani Iringa. Vilianza vijiji 168. Watoto walipimwa uzito hadharani, kijijini kwao, kila baada ya miezi mitatu. Hapo mtu atauliza, si ndiyo aibu ileile? Tofauti ilikuwa katika swali lililofuata. Uzito wa mtoto ukiwa mdogo, kamati ya kijiji haikuuliza nani kakosea. Iliuliza kwa nini, kisha ikauliza tena kwa nini, mpaka ikafika mahali pa kushika. Mtoto anakula mara mbili kwa siku. Kwa nini? Mama yuko shambani alfajiri mpaka jioni. Nani anaweza kumlisha mchana? Hapo vikazaliwa vituo vya kulelea watoto vijijini, ambako watoto walipata uji wakati mama zao wanalima. Mahali pengine jibu lilikuwa maji, pengine pombe ya baba, pengine malaria. Kijiji kilipima, kikachambua, kikatenda, kisha kikapima tena. Ndani ya miaka michache watoto wenye utapiamlo mkali katika vijiji hivyo walipungua sana. Na mchoro ambao UNICEF iliusambaza duniani mwaka 1990, unaoeleza kwamba lishe ya mtoto inasimama juu ya chakula, matunzo na afya kwa pamoja, ulichorwa na watu waliojifunza kwa kiasi kikubwa kutoka Iringa.

Tulikuwa nacho kitu hicho mikononi mwetu, na watoto wetu wengi waliozaliwa baadaye hawakijui hata kwa jina.

Miaka hiyohiyo Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilikuwa ikiwafundisha akina mama juu ya kimea. Angalia lugha inavyotuchezea: herufi moja tu kati ya kimeo kinachokatwa na kimea kinacholisha. Kimea ni nafaka iliyooteshwa, mtama au ulezi. Unailoweka usiku kucha, unaitandaza na kuifunika kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka ichipue, unaianika juani ikauke vizuri, unapukuta vichipukizi vyote (vya mtama vina sumu, visiachwe), kisha unasaga.

Sasa pika uji mzito, mzito mpaka mwiko usimame. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuumeza. Kwa kawaida mama angeongeza maji, na mtoto angeshiba maji. Badala yake epua, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea, koroga. Mara ya kwanza nilipooneshwa sikuamini macho yangu. Kabla hujamaliza kuosha kikombe, ule uji unalegea, unamiminika, na hujaongeza hata tone la maji. Unaurudisha jikoni uchemke tena, unamnywesha. Nafaka ikichipua hutengeneza kimeng'enya kinachokatakata wanga, na ndicho kinachoufungua uji. Tumbo la mtoto ni dogo, na sasa kila funda lina nguvu maradufu.

Waliokuwa wakiujua ufundi huo siku zote ni wanawake wapika pombe. Kimea ni chao. Mwanasayansi alipowaendea hakuwaambia waache ujinga. Alijifunza kwao, akapima maabara, akaurudisha ujuzi jikoni kwa ajili ya mtoto. Nikiulizwa tiba asilia na sayansi zinakutanaje, mfano wangu ni bakuli hilo la uji.

Hospitali nazo zina la kujirekebisha. Kwa miaka mingi mtoto njiti alitenganishwa na mama yake, yeye kwenye joto la mashine, mama wodi nyingine au kwenye mkeka barazani. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria, kwa uhaba wa mashine, alianza kuwaweka njiti kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Huduma hiyo tunaiita ya kangaruu. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania: njiti waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja wapate nafuu kwanza, walikufa asilimia 12.0, wakati wale waliohudumiwa kwa utaratibu wa zamani walikufa asilimia 15.7. Kifua cha mama kilifanya kazi ya dawa. Hata hivyo bado kuna wodi ambako mama wa njiti hana kitanda.

Kucheza pia ni tiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kumtibu mtoto mwenye utapiamlo mkali una hatua kumi, na mojawapo ni kumchangamsha na kumpa upendo. Wodi nyingi huifuata ile ya maziwa na ile ya dawa, hiyo ikaachwa. Kule Jamaika, miaka ya 1980, wahudumu wa jamii waliwatembelea watoto waliodumaa mara moja kwa wiki kwa miaka miwili, wakiwafundisha mama zao kucheza nao kwa vitu vya kutengeneza nyumbani. Miaka ishirini baadaye vijana wale walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Mwanasesere wa matambara na kopo lenye kokoto havimshindi mzazi yeyote wa Tanzania. Na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa.

Sisemi haya kana kwamba hakuna kilichofanyika. Mwaka 1999, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Chanjo, vyandarua na dawa mpya za malaria vimefanya kazi kubwa, na manesi wenye mishahara midogo na foleni ndefu ndio waliovifikisha. Yule nesi niliyemsikia huenda alikuwa amewapoteza watoto wawili wiki ile, wote walioletwa wamechelewa. Ukali wake ulikuwa uchungu uliokosa pa kwenda, na naye anastahili mtu wa kumuuliza kama analala.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Nesi, daktari, mhudumu wa kijijini: uliza, "Nyumbani mlimsaidiaje kabla hamjaja?" Ni swali linalokubali kwamba mama alikuwa akihangaika, na mama aliyeulizwa hivyo atafungua mkoba. Mganga: mtoto aliyepoteza fahamu, anayeshindwa kunyonya, anayepumua kwa kuvutwa mbavu, usimpokee hata kwa saa moja, mpeleke mwenyewe hospitali, uingie naye. Bibi, shangazi, mama mkwe: neno kubemenda mliache, mkamsaidie binti kuotesha kimea. Baba, siku ya kliniki ni yako pia.

Na mama akikwambia ametoka kwa mganga, usimgombeze. Andika kwenye kadi alichopewa mtoto, kisha mpime sukari.